Nimerudi Batra: siku sita Mukherjee Nagar, Delhi

Siku ya kwanza, Alhamisi 24 Julai 2025

Tumetua Delhi asubuhi tukitokea Addis Ababa, mimi na mpwa wangu. Yeye ana masanduku mawili, mimi nina begi la mgongoni. Amekuja kuanza shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Delhi kwa ufadhili wa serikali ya India, kama nilivyokuja mimi mwaka 2007 nikiwa na umri kama wake. Dada aliniomba nimfikishe mtoto mpaka mlangoni pa bweni, nikakubali kabla hajamaliza kuomba. Nilikuwa na haja yangu pia. Nilisikia kwamba Mukherjee Nagar, mtaa nilioishi miaka mitatu, umeanza kupungua watu, na nilitaka kuuona ungali hai.

Kutoka uwanja wa ndege tulipanda treni mpaka kituo cha New Delhi, tukabadilisha, tukashika njia ya manjano kuelekea kaskazini: Chandni Chowk, Kashmere Gate, Civil Lines, Vishwavidyalaya. Hilo neno la mwisho maana yake ni chuo kikuu, na mpwa wangu alipolisikia akainuka ashuke. Nikamshika mkono. "Bado kimoja." Nilipofika mara ya kwanza reli iliishia hapo. Iliposogezwa mbele kupitia GTB Nagar, Februari 2009, mimi na mwenzangu wa chumbani tulipanda kituo hicho kimoja kwenda na kurudi, hatuna safari yoyote, kwa furaha tu kwamba treni imefika kwetu.

Ukitoka kituoni humwambii dereva Mukherjee Nagar. Unamwambia "Batra." Batra ni jumba la sinema lililofungwa siku nyingi, lakini jina halikufungwa, na uwanja ulio mbele yake ndio moyo wa mtaa. Enzi zetu tulikwenda kwa baiskeli za magurudumu matatu, mzee anakanyaga pedali juani na wewe umekaa nyuma unaona haya. Siku hizi ni bajaji za umeme. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, barabara ina madimbwi, na hewa nzito ile ile.

"Mjomba, kuna uchaguzi huku?" mpwa wangu akauliza.

Alikuwa anaangalia mabango. Kila ukuta una picha za vijana, wengine wamevaa tai, na kando ya kila uso namba kubwa: 3, 17, 48. Nikamweleza kuwa hawagombei chochote. Hizo ni nafasi walizoshika kwenye mtihani.

India ina mtihani mmoja wa kuingia utumishi wa juu wa umma. Wakuu wa wilaya, maofisa wa polisi na mabalozi, wengi wao wamepitia hapo. Unaendeshwa na tume inayoitwa UPSC kwa hatua tatu: mchujo wa awali, mtihani mkuu wenye karatasi tisa, kisha usaili. Tangu mchujo hadi majina ya mwisho karibu mwaka mzima unapita. Kwa mtihani wa mwaka 2024 walioomba walikuwa 992,599. Waliokaa kwenye mchujo, 583,213. Waliofika mtihani mkuu, 14,627. Walioitwa kwenye usaili, 2,845. Waliopendekezwa kuajiriwa, 1,009.

Akakaa kimya mpaka bajaji ilipopinda kona.

"Na wale wengine?"

"Wengine wanaishi hapa," nikamwambia.

Siku ya pili, Ijumaa 25 Julai

Asubuhi yote imeishia kwenye fomu, picha ndogo na nakala za pasipoti. Saa nane mchana mpwa wangu alikuwa na kitanda, ufunguo na mwenzake wa chumbani, msichana mpole anayetoka Assam. Nikamwambia apumzike. Akasema, "Hapana Mjomba, nataka kuiona hiyo nyumba unayoisimulia."

Nyumba ipo. Ngazi ni zile zile nyembamba, za kupanda mmoja mmoja, na pikipiki bado zinalazwa chini yake. Chumba chetu kilikuwa juu kabisa, chini ya paa, vitanda viwili na nafasi ya kupita katikati. Mwezi wa tano na wa sita tulimwaga maji sakafuni usiku ili tupate usingizi, na alfajiri sakafu ilikuwa kavu. Januari tuliandika tukiwa tumejifunika mablanketi mpaka kichwani, mkono mmoja tu ndio uko nje.

Mwenzangu alikuwa kijana wa Bihar, amenizidi miaka mitatu. Nilimwita *bhaiya*, yaani kaka, na hadi leo sijui kumwita vingine. Alifika Delhi na sanduku la bati, na nyuma yake baba aliyeuza kipande cha shamba. Mimi nilikuwa nasoma jiografia chuoni, yeye jiografia ilikuwa mojawapo ya masomo yake ya hiari kwenye mtihani. Nilikuwa na vitabu, yeye alikuwa na jiko la mafuta ya taa. Hivyo ndivyo tulivyoanza kuishi pamoja.

Mama mwenye nyumba tulimwita Mataji, mama wa heshima. Tulimkuta kwenye kiti chake cha kamba pale barazani, amepungua mwili, masikio hayasikii vizuri. Wazazi wake walitoka Punjab ya magharibi mwaka 1947 nchi ilipokatwa mbili, India na Pakistan, wakapokelewa Kingsway Camp, kambi kubwa ya wakimbizi iliyokuwa hapa hapa. Sehemu ile sasa ndiyo GTB Nagar, na mitaa ya pembeni imejengwa na watu waliotoka kambini. Nilikuwa nikijiuliza zamani kwa nini mama huyu hakuwahi kumtoa mpangaji aliyechelewesha kodi mwezi mmoja au miwili. Alinijibu siku moja bila kuulizwa, akitwanga tangawizi: mama yake alikaa miaka kadhaa kwenye hema akisubiri karatasi ya kiwanja, kwa hiyo anajua mtu anayesubiri karatasi anavyokuwa.

Akanitazama muda mrefu, kisha uso ukafunguka.

"Wewe ndiye Mwafrika wa juu."

"Ndiye, Mataji. Shikamoo." Neno hilo nilimfundisha mwenyewe, na akaliitikia: "Marahaba." Mpwa wangu akashika mdomo kwa mshangao.

Kisha Mataji akaniuliza, "Ulifaulu?"

Mtihani ule sikuufanya. Ni wa raia wa nchi. Lakini kwake kila aliyelala chini ya paa lake alikuwa anajiandaa, na miaka kumi na mitano haikubadilisha hilo. Sikuwa na moyo wa kumsahihisha.

"Bado, Mataji."

Akaweka kiganja chake kichwani pangu, pale penye mvi. "Usihuzunike. Utajaribu tena." Akaagiza chai.

Jioni tulizunguka. Nilitaka mpwa wangu aone jinsi mtaa unavyofanya kazi, kwa sababu hapa kila biashara imejikunja kuufuata mtihani. Maktaba si za vitabu. Ni vyumba vyenye viti vilivyotenganishwa kwa mbao, unalipia kwa mwezi, unakuja na vitabu vyako, wengine wanakaa mpaka usiku wa manane. Maduka ya fotokopi yana marundo ya notsi hadi darini. Muuza magazeti anajua nani anasoma la Kihindi na nani la Kiingereza. Wapishi wanatuma chakula kwa vikopo vya bati vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, dengu, wali, chapati nne na mboga, na mwanafunzi akiwa na homa mpishi anajua kwa kuwa vikopo vinarudi vimejaa.

Lugha pia. Hapa haulizwi mtu ameshindwa mara ngapi. Anaulizwa yuko kwenye jaribio la ngapi. Nilipofika nilidhani ni adabu ya maneno tu. Baada ya mwaka nilielewa kwamba ni sheria ya kuishi, kwa sababu katika chumba cha watu kumi, kwa hesabu zile nilizozitaja, huenda wote kumi wasipite, na bado kesho lazima waazimane kalamu.

Kweli mtaa umepungua. Vibao vya vyumba vya kupanga ni vingi, enzi zetu dalali ndiye aliyekutafutia na kukuringia. Tangu korona wengi wanasoma kwa intaneti wakiwa kwao. Juni 2023 moto ulizuka kwenye jengo moja la masomo hapa, wanafunzi wakateremka madirishani kwa kamba na nyaya. Baada ya hapo ukaguzi ukakazwa, na baadhi ya vituo vikubwa vikahamia Noida, ng'ambo ya mto Yamuna. Muuza *litti chokha* wa kona, vile vidonge vya unga vilivyookwa juu ya makaa vikaliwa na bilinganya ya kuponda, ananiambia zamani aliuza mpaka saa tano usiku. Sasa saa tatu anafunika moto. Nilimnunulia sahani nne, mbili hatukuzimaliza.

Siku ya tatu, Jumamosi 26 Julai

Leo nimemwona kaka.

Ana darasa lake mwenyewe, chumba kimoja ghorofa ya kwanza, wanafunzi wapatao arobaini. Milango miwili, yote inaachwa wazi, na hilo alinionyesha kabla ya kunipa kiti. Tulikumbatiana mpaka wanafunzi wakaanza kupiga makofi. Nikamtambulisha mpwa wangu.

"Mimi ni kaka wa mjomba wako," akamwambia, "kwa hiyo uniite *Mama*."

Mpwa wangu akanitazama kutafuta msaada. Kwa Kihindi ndugu wa kiume wa mama yako anaitwa *mama*, na kuongeza heshima, *mamaji*. Akajaribu kulitamka kwa mwanamume mwenye masharubu, akashindwa kwa kicheko, akajaribu tena. Tulikaa dakika kumi tukihesabu maneno tunayochangia: kitabu ni *kitab*, kalamu ni *kalam*, dunia ni *duniya*, duka ni *dukan*. Wanafunzi wakaingilia kati. Mmoja wao, wa mstari wa nyuma, ndiye aliyesema lile kubwa: mtihani, *imtihan*. Waarabu walitugawia sote neno moja.

Mtihani mkuu unaanza tarehe 22 Agosti, kwa hiyo waliopita mchujo wa Mei sasa kazi yao ni kuandika tu. Karatasi moja ya maarifa ya jumla ina maswali 20 kwa saa tatu, kumi ya maneno 150 na kumi ya maneno 250. Ni dakika tisa kwa swali, kabla hujatoa muda wa kusoma na wa kupumua. Ujuzi wenyewe si wa kujua tu, ni wa kukata maneno. Kaka akaandika swali ubaoni, nadhani kwa heshima yetu: Kwa nini Ziwa Tanganyika ni refu na lenye kina kikubwa, ilhali Ziwa Viktoria ni pana na kina chake ni kidogo? Akabonyeza saa. Mpwa wangu akaomba karatasi.

Nikatazama vichwa vikiinama vyote kwa pamoja. Sauti ya kalamu arobaini kwenye karatasi nilikuwa nimeisahau.

Mpwa wangu aliandika vizuri: Tanganyika limekaa ndani ya mkono wa magharibi wa bonde la ufa, ardhi imepasuka na kuzama, kina kinafika mita 1,470, Viktoria limekaa kwenye beseni lililo kati ya mikono miwili ya ufa, kina chake ni kama mita 80. Kaka akampa alama tatu na nusu kati ya kumi. "Umeeleza," akamwambia. "Hukumaliza. Msahihishaji anataka kujua hilo linamgusaje mvuvi." Msichana aliyekaa kando yake akamnong'oneza asihuzunike, yeye mara ya kwanza alipata mbili.

Wanafunzi walipotoka tulibaki watatu na chai. Kaka akamsimulia mpwa wangu mwenyewe, bila mimi kumwomba. Alianza mwaka 2007. Wakati ule mtu asiye wa makundi yaliyotengewa nafasi alipewa majaribio manne. Jaribio la tatu alifika mpaka usaili, aliingia jengo la tume, Dholpur House, kwa suti ya kuazima. Mei 2010 majina yakatoka. Tulikwenda wote wawili kwenye duka la intaneti pale Batra, tukaisoma orodha kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Mara ya tatu nilisoma peke yangu. Yeye alikuwa ameshatoka nje.

Asichomsimulia ni alichofanya baadaye, nami nakiandika hapa. Alinunua sabuni ya mche, akapanda juu, akafua nguo zake zote, kisha akachukua zangu akafua nazo. Paa zima likajaa nguo. Jioni majirani wakaja mmoja mmoja, kila mtu na kitu mkononi, embe, mtindi, sigara, na hakuna aliyetaja orodha. Tulikaa katikati ya shuka zilizoloa tukaongea habari za kriketi mpaka usiku.

Jaribio la nne halikufika mbali. Mwaka 2014 serikali ikaongeza majaribio kutoka manne hadi sita, akarudi. Mwaka ule ule wanafunzi wa mtaa huu walikuwa barabarani wakilalamikia karatasi ya pili ya mchujo, wakisema inawabeba waliosoma kwa Kiingereza. Tangu 2015 karatasi ile inahitaji asilimia 33 tu na alama zake hazihesabiwi kwenye kushindanisha. Kaka aliandamana, alifanya, hakupita. Akaanza kufundisha.

"Unajuta?" mpwa wangu akamuuliza. Mimi nisingethubutu.

Akafikiri. "Miaka minane nilisoma kila siku kama kesho nitakabidhiwa wilaya. Nazijua mvua, udongo, katiba, njaa, mito. Ningevipeleka wapi?" Akaonyesha viti vitupu.

Siku ya nne, Jumapili 27 Julai

Asubuhi tulikwenda soko la vitabu la Daryaganj. Nililiacha likiwa limetandazwa kando ya barabara, kitabu juu ya kitabu mpaka mtu hana pa kukanyaga. Mwaka 2019 liliondolewa kwenye njia ya miguu na kupewa uwanja wa Mahila Haat, barabara ya Asaf Ali. Lina mpangilio sasa. Nililipenda lile la zamani zaidi, lakini vitabu vya kuuzwa kwa kilo bado vipo, na mpwa wangu ametoka na atlasi.

Mchana tulishika njia ya buluu hadi Karol Bagh, tukaenda kwa miguu Old Rajinder Nagar. Huu ni mtaa wa pili wa mtihani, ndugu mwenye fedha. Nao ulijengwa kwa ajili ya wakimbizi wa 1947, ukapewa jina la Rajendra Prasad, rais wa kwanza wa India. Huku wengi wanasoma kwa Kiingereza na kodi zake zilituogopesha hata kuziuliza. Nilikuwa nikija na kaka mara moja kwa mwezi kununua notsi.

Sikuja leo kwa notsi. Tarehe kama ya leo mwaka jana, 27 Julai 2024, jioni, mvua kubwa ilinyesha, barabara ikageuka mto, na maji yakavunja kuingia kwenye chumba cha chini ya ardhi kilichotumika kama maktaba ya kituo cha masomo. Watatu hawakutoka, wasichana wawili na mvulana mmoja. Walitoka Uttar Pradesh, Telangana na Kerala, pande tatu za nchi zilizo mbalimbali kabisa. Wenzao walikaa barabarani siku nyingi wakidai haki, na vyumba vingi vya chini ya ardhi vilifungwa mjini kote.

Sina maneno ya kuyazunguka haya. Naupenda mtaa wa mtihani kwa moyo wangu wote, na nasema waziwazi kwamba mapenzi hayawezi kuwa kisingizio. Mtoto wa mtu haletwi mjini na fedha ya shamba ili akasomee mahali pasipo na mlango wa pili. Mimi mwenyewe nimelala miezi ya baridi kwenye maktaba za chini ya ardhi, kwa sababu zilikuwa na joto na bei nafuu, na haikunijia hata siku moja kuangalia maji yangetokea wapi.

Tulisimama kando ya barabara. Mpwa wangu akasoma Fatiha kimya. Vijana wakatupita, mikoba mgongoni, mmoja akila ndizi huku anasoma karatasi aliyoikunja mara nne.

Njiani kurudi akaniuliza kama nyumbani tuna mtaa kama huu. Nilimkumbusha tuisheni za Mchikichini, anazozijua mwenyewe, na nikamsimulia ya 2014, walipoitwa Uwanja wa Taifa watu zaidi ya 10,000 kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Umati tunao. Mtaa wa kukaa nao pamoja miaka, hatuna.

Siku ya tano, Jumatatu 28 Julai

Alfajiri kaka alinichukua kutembea Coronation Park, kama tulivyokuwa tukifanya. Hapo ndipo Desemba 1911 mfalme George wa Tano alipotangaza kuwa makao makuu yanahama Calcutta kuja Delhi, na sanamu yake iliyoondolewa karibu na India Gate imesimama hapo, ndefu, nyeupe. Kaka huwaleta wanafunzi wake hapa mara moja kwa mwaka. Huwaambia kwamba mtihani wao ulianzia London mwaka 1855. Mhindi aliyetaka kuitawala wilaya ya nchi yake alipaswa kuvuka bahari kwanza akaandike huko. Wa kwanza kufaulu, Satyendranath Tagore, alifaulu mwaka 1863. Ni mwaka 1922 ndipo mtihani ulipoanza kufanyika India pia, Allahabad. "Nawaambia watazame umbali," alisema. "Wao wamekuja kwa treni ya usiku mmoja."

Jioni ndiyo ninayotaka kuiandika vizuri.

Mpwa wangu alihitaji notsi za jiografia ya maumbile, kwa hiyo tuliingia duka la fotokopi nyuma ya Batra. Mwenye duka ni kijana, hakuwepo enzi zetu. Alishusha rundo moja baada ya jingine: za chapa, za mwandiko, za Kihindi, za Kiingereza. Akatuwekea moja ya mwandiko wa mkono, jiografia ya dunia, imefungwa kwa uzi, fotokopi ya fotokopi, pembeni wino umefifia hadi kijivu. "Hii inauzika kila mwaka," akasema. Nikamuuliza imeandikwa na nani. Akainua mabega. "Mtu wa zamani."

Mimi nilikuwa nimeshageukia rundo jingine. Mpwa wangu ndiye aliyefungua ukurasa.

"Mjomba, mbona Viktoria imeandikwa kwa K?"

Ilikuwa ramani ya Afrika Mashariki, imechorwa kwa mkono. Maelezo yote kuizunguka ni ya Kihindi, kwa mwandiko wa kaka, ule unaoegemea kushoto. Lakini majina ya maziwa yalikuwa kwa herufi zetu: Viktoria. Tanganyika. Nyasa. Rukwa. Eyasi. Nilichora mimi, Januari 2008, chini ya blanketi, kaka akinishikia taa. Mstari wa pwani umetetemeka pale karibu na Kilwa, na nakumbuka kwa nini: vidole vilikuwa vimekufa ganzi, akanivua kalamu, akanipulizia viganja, akanirudishia.

Nilikaa kwenye kibao cha mwenye duka. Mpwa wangu akaniuliza kama naumwa.

Tulilipa rupia tisini, tukapanda kwa kaka moja kwa moja. Alikuwa anakula. Alipoona ile ramani hakushangaa hata kidogo.

"Nilizipeleka dukani mwenyewe mwaka 2011, nilipohitaji nauli ya kwenda kumzika baba. Kila mwaka wanafunzi wananiuliza, mwalimu, vitabu vyetu vinasema Malawi, kwa nini hapa pameandikwa Nyasa? Nawaambia ndivyo wanavyoliita watu wa pwani ya mashariki ya ziwa." Akachovya chapati. "Wawili walionijia kuniuliza hivyo sasa ni wakuu wa wilaya. Mmoja anauza simu Patna. Wote watatu wanajua Nyasa."

Siku ya sita, Jumanne 29 Julai

Ndege ni ya usiku. Asubuhi nilimuaga Mataji, akanipa pakiti ya biskuti na baraka ya jaribio lijalo. Kaka alinisindikiza hadi kituoni GTB Nagar, akashika begi langu mpaka kwenye geti la tiketi, na hatukusema mengi. Amekubaliana na mpwa wangu kwamba kila Jumamosi atakuja kukaa mstari wa nyuma na kuandika nao, hata kama mtihani wenyewe si wake.

Mpwa wangu alitakiwa chuoni saa tano, kwa hiyo tulipanda treni pamoja. Hakukaa. Alisimama karibu na mlango, zile notsi za uzi ameziweka kwapani, atlasi ya Daryaganj ndani ya begi. Kituo kimoja. Pale Vishwavidyalaya akashuka, akageuka, akanipungia kwa mkono ulioshika kalamu, na watu wa asubuhi wakampokea.